Kipato chako kwa mwezi ni kiasi gani?

Fomu yenyewe ilikuwa ya ukurasa mmoja. Jina, mwaka wa kuzaliwa, anwani, hali ya ndoa: vyote nilivijaza bila kuinua kichwa. Kisha nikafika kwenye visanduku viwili vilivyokaa bega kwa bega. Kazi yako. Kipato chako kwa mwezi.

Kalamu ikasimama.

Kijana aliyeketi upande wa pili wa meza aliniona nimekwama. "Andika tu wastani, mama," akasema kwa upole. "Wengi waliojiajiri hufanya hivyo."

Nikaandika. Kwenye kazi niliweka "nimejiajiri", kwenye kipato nikaweka namba iliyonijia kichwani, nikatia sahihi, nikaondoka. Fomu ilipokelewa bila swali. Lakini ile namba imenikaa rohoni wiki nyingi sasa. Nikiwa na vipokea sauti masikioni, nikipika, nikitafuta usingizi, najikuta narudi palepale: nimeitoa wapi?

Kazi yangu ni kunakili sauti kuwa maandishi na kuandika manukuu ya video. Ni kazi ya miaka. Niulize dakika moja ya mahojiano yenye kelele inataka dakika ngapi za kunakili, nitakujibu kabla hujamaliza swali. Niulize nalipwa kiasi gani kwa saa, nanyamaza. Na kila mwenzangu niliyemuuliza katika wiki hizi, dereva wa teksi za kuitwa kwa simu, mbunifu wa nembo, mwalimu wa lugha anayefundisha kwa video, alinyamaza kwanza kama mimi, kisha akanitajia kiasi cha mwezi wake mzuri.

Huo mwezi mzuri ndio ulionikalisha chini kuandika.

## Kazi gani hasa

Kisanduku cha kwanza nilidhani ni chepesi. Si chepesi.

Shirika la Kazi Duniani, ILO, lina uainishaji wa kazi unaotumika katika nchi nyingi, ISCO-08, unaozipanga kazi zote za binadamu katika makundi makuu 10. Uainishaji huo unauliza mtu anafanya nini. Hauulizi anamfanyia nani, wala analipwa kwa mpango gani. Kwa macho yake, dereva mwenye mshahara na dereva anayesubiri simu imlie ni dereva tu. Mfasiri wa ofisini na mfasiri anayekesha mtandaoni ni mfasiri tu. Naona ni haki hiyo. Mimi ni mnakili. Kujiajiri ni jinsi ninavyolipwa.

Lakini jinsi hiyo ndiyo inayoamua karibu kila kitu kingine maishani mwangu.

Ukitazama kazi zinazotolewa mtandaoni, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliozifuatilia tangu 2016 walizigawa katika mafungu sita: programu na teknolojia, ambalo ndilo kubwa kuliko yote, kisha ubunifu na midia, ukarani na uingizaji wa data, uandishi na tafsiri, mauzo na utafutaji wa masoko, na huduma za kitaalamu kama sheria na uhasibu. Ongeza juu yake zile zinazomtaka mtu awepo mwenyewe: kuendesha gari, kupeleka mizigo na chakula, kufanya usafi, kutengeneza vitu vilivyoharibika. Mwandishi wa programu na mpelekaji wa chakula hawafanani kwa elimu, kwa vifaa wala kwa bei. Wanafanana katika jambo moja: hakuna kati yao anayejua mwezi ujao utaleta nini.

Oktoba 2018, wanatakwimu wa kazi walikutana Geneva wakakubaliana juu ya mgawanyo mpya wa hali za ajira. Kati ya aliyeajiriwa na mwenye biashara yake waliingiza kundi ambalo halikuwamo: mkandarasi tegemezi. Ni mtu mwenye mkataba wa kibiashara badala ya mkataba wa ajira, lakini kazi yake au soko lake limeshikwa na mwingine. Huyo mwingine anaweza kuwa ndiye anayepanga bei. Anaweza kuwa ndiye mlango pekee wa kuwafikia wateja.

Niliposoma maelezo hayo nilijiona. Nusu ya kazi zangu hupita kwenye jukwaa la mtandaoni linalopanga bei ya kila dakika ya sauti, linaloamua ni nani aone kazi kwanza, na linaloweza kuifunga akaunti yangu leo jioni bila kunieleza sababu. Nusu nyingine hutoka kwa wateja wanaonitafuta wenyewe, tunapatana bei, tunajuana kwa majina. Kwa hiyo asubuhi mimi ni mwenye biashara, mchana ni tegemezi, na jioni pengine vyote viwili kwa wakati mmoja.

Haishangazi basi kwamba hata kutuhesabu kunasumbua. Nchini Marekani, utafiti wa serikali wa Julai 2023 ulikuta wakandarasi huru milioni 11.9, sawa na 7.4% ya watu wote wenye kazi, ukiwahesabu wale tu ambao hiyo ndiyo kazi yao kuu. Mwaka huohuo Benki ya Dunia ilikadiria kwamba wanaofanya vibarua vya mtandaoni duniani ni kati ya milioni 154 na milioni 435. Tazama umbali huo. Kadirio la juu linakaribia kuwa mara tatu ya lile la chini. Watu wengi namna hiyo hawajulikani kama wapo au hawapo, halafu tunaulizwa wanalipwa kiasi gani.

## Wastani wa nani

Yule kijana aliniambia niandike wastani. Nilirudi nyumbani nikatafuta wastani wa watu wengine ili nione wangu unakaa wapi.

Mwaka 2018 ILO ilitoa ripoti juu ya watu wanaofanya kazi ndogondogo mtandaoni: kutambua picha, kusafisha data, kujaza dodoso, kunakili risiti. Waliohojiwa walikuwa 3,500 kutoka nchi 75. Kwa mwaka 2017, ukizihesabu saa zilizolipwa peke yake, wastani wao ulikuwa dola 4.43 kwa saa. Ukiziongeza saa walizofanya kazi bila malipo, wastani unashuka hadi dola 3.31. Na ukiwapanga wote kwenye mstari kuanzia anayepata kidogo hadi anayepata kingi, kisha ukamshika bega yule aliyesimama katikati kabisa, yeye anapata dola 2.16.

Watu ni walewale. Mwaka ni uleule. Namba zote tatu ni za kweli.

Nilikaa muda mrefu na namba hizo. Ukitaka kumvuta mtu aingie kwenye kazi hii, utamwambia 4.43. Ukitaka kujua utakachokiona wewe, mtu wa kawaida asiye na bahati ya pekee, utamuuliza yule wa katikati. Wachache wanaopata vizuri wanaupandisha wastani wa wote, na walio chini wanatembea na wastani usiowahusu.

Utafiti mwingine wa 2018 uliziangalia kazi milioni 3.8 zilizofanywa na watu 2,676 kwenye Amazon Mechanical Turk, jukwaa la kazi ndogondogo za mtandaoni. Mtu wa katikati alipata kama dola 2 kwa saa. Waliopata zaidi ya dola 7.25, ambayo ni kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani, walikuwa 4% tu.

Kuna na wastani wa aina ya pili, ule wa mtu mmoja katika miezi yake. Huu ndio nilioutia kwenye fomu. Nina miezi ambayo kazi zinagongana mlangoni nakosa usingizi, na nina miezi ambayo naamka, nafungua kompyuta, nakuta kimya. Ukizijumlisha na kuzigawa, unapata mwezi ambao sijawahi kuuishi hata mara moja. Kodi ya nyumba hailipwi kwa wastani. Inalipwa tarehe yake, kwa kilichopo siku hiyo.

Taasisi ya utafiti ya benki ya JPMorgan Chase iliwahi kuchambua akaunti za wateja wake waliokuwa wakipokea fedha kutoka kwenye majukwaa. Kati ya 2013 na 2017, kiasi alichopata dereva kwa mwezi katika miezi aliyofanya kazi kilishuka kwa 53%. Niliposoma hivyo moyo ulishtuka. Kisha nikajiuliza: je, bei zilianguka, au waliingia watu wengi wanaoendesha gari saa chache tu mwishoni mwa juma? Akaunti ya benki haiwezi kujibu. Akaunti ya benki huona fedha. Haioni saa.

Hapo ndipo nilipoanza kuziangalia saa.

## Saa zisizo na mwenyewe

Nilichukua daftari. Nilitaka kuandika kila wakati ninaokaa mbele ya kompyuta kwa ajili ya kazi, si wakati wa kunakili peke yake.

Saa ya kunakili naijua vizuri, maana ndiyo ninayolipwa. Lakini kabla yake nimefungua orodha ya kazi zilizopo, nikaisoma, nikaiacha, nikairudia. Nimesikiliza sampuli ya sauti nikaona haifai. Nimemwandikia mteja mpya nikimweleza mimi ni nani, hakujibu. Nimefanya jaribio la bure ambalo jukwaa linalidai kabla ya kukufungulia kazi za aina fulani. Baada ya kazi kuna marekebisho: mteja anataka majina yaandikwe kwa namna nyingine, kisha anataka yarudi yalivyokuwa. Kuna ankara. Kuna kukumbushia ankara. Kuna kukumbushia tena, kwa maneno ya adabu zaidi, kwa sababu ukikasirika unapoteza mteja.

Ile ripoti ya ILO ilikuta kwamba kwa kila saa moja ya kazi iliyolipwa, mtu alitumia dakika 20 kwa shughuli zisizolipwa. Nilipozijumlisha zangu, zilikuwa nyingi zaidi ya hizo. Huenda ni kwa sababu kazi zangu ni ndefu na wateja wangu wanapenda mazungumzo. Huenda pia ni kwa sababu niliamua kuhesabu kungoja.

Kungoja ni kazi?

Swali hili limenisumbua kuliko mengine yote, na siko peke yangu. Mnamo Februari 19, 2021, Mahakama ya Juu Kabisa ya Uingereza ilitoa hukumu katika kesi ya madereva waliokuwa wakidai haki zao dhidi ya Uber. Majaji walikubaliana wote kwamba madereva wale walikuwa wafanyakazi mbele ya sheria, wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo. Wakaenda mbele zaidi: muda wao wa kazi haukuwa ule tu wa kuwa na abiria ndani ya gari. Ulijumuisha wakati wote dereva alipokuwa ameiwasha programu, yumo katika eneo analoruhusiwa kufanyia kazi, na yuko tayari kupokea safari.

Kungoja kwao kulihesabiwa.

Mwezi uliofuata kampuni ilitangaza kwamba itawalipa madereva wake wa Uingereza kima cha chini, lakini kuanzia dereva anapoikubali safari. Kungoja kukatolewa tena. Jimbo la California lilikuwa limeshachukua njia ya namna hiyo: sheria iliyopitishwa kwa kura ya wananchi Novemba 2020 inawahakikishia madereva 120% ya kima cha chini cha mahali walipo, kwa muda wa kuanzia safari inapokubaliwa hadi inapokamilika. Ukiisoma haraka unaona mtu kapewa zaidi ya kima cha chini. Ukiweka daftari pembeni yake, unaona kwamba asilimia hizo ni za sehemu tu ya siku.

Jiji la New York ndilo lililonipa matumaini, kwa sababu lilikubali kupiga hesabu yenyewe. Lilipopanga malipo ya chini ya madereva wa majukwaa, Desemba 2018, watafiti waliolisaidia walikuwa wamekuta kwamba abiria hukaa ndani ya gari takribani 58% ya muda wa kazi wa dereva. Basi kanuni ikachukua gharama ya kila maili na kila dakika, ikaigawa kwa kiwango hicho. Magari yakizunguka matupu kwa muda mrefu, malipo ya kila safari yanapanda. Anayejaza barabara magari yasiyo na abiria analipia ule utupu.

Nilipoielewa kanuni hiyo nilisimama nikazunguka chumba. Miaka yote nimeuona muda wa kungoja kama uvivu wangu, kama dalili kwamba sijajituma vya kutosha kutafuta. Kumbe unaweza kuingia kwenye bei kwa kugawanya tu.

## Mia inapoingia

Tuseme mteja amelipa mia. Sitaji fedha ya nchi gani, kwa sababu habari ni ileile popote.

Jukwaa linachukua sehemu yake kwanza. Fiverr humkata mtoa huduma 20%. Upwork ilifanya 10% kuwa kiwango kimoja mwaka 2023, kisha ikakibadilisha tena mwaka 2025. Kabla ya 2023, dola 500 za kwanza kutoka kwa kila mteja zilikatwa 20%, ambayo maana yake ni kwamba kila mteja mpya alikuja na ada ya juu, na sisi ambao wateja wetu ni wa kazi mojamoja hatukutoka kwenye ngazi ile ya kwanza. Kisha kuna gharama ya kuhamisha fedha na ya kuzibadilisha. Kisha umeme, intaneti, programu ya kunakilia inayolipiwa kila mwezi, vipokea sauti vinavyokufa kila baada ya muda, kompyuta inayozeeka. Kwa dereva ni mafuta, bima, matairi, na gari lenyewe linaloshuka thamani kila kilomita. Dereva mmoja niliyezungumza naye aliniambia kwamba siku anapojaza mafuta huwa haihesabu ile fedha kama matumizi. Anaiona kama imepita tu.

Imepita wapi? Ilikuwa ndani ya kipato alichonitajia.

Wahasibu wa uchumi wa taifa walikutana na tatizo hili zamani. Katika mfumo wa kimataifa wa hesabu za taifa, kinachobaki kwa kaya yenye biashara isiyosajiliwa kama kampuni hakiitwi mshahara wala hakiitwi faida. Kinawekwa kwenye fungu lake, kipato mseto, kwa sababu ndani yake kuna malipo ya jasho la mtu na malipo ya mtaji wake, na hakuna njia rahisi ya kuvitenganisha. Nilipojifunza hilo nilifarijika sana. Watu wenye jukumu la kupima uchumi wa nchi nzima waliamua kwamba kiasi hiki ni mchanganyiko. Mimi nilikuwa nikikitazama kama mshahara, nakipima na mshahara wa dada yangu aliyeajiriwa, na kila mara najiona niko sawa naye au nimempita kidogo.

Lakini dada yangu akiugua analipwa. Akienda likizo analipwa. Mwajiri wake anamwekea akiba ya uzeeni juu ya ile anayokatwa. Kompyuta si yake. Kiti si chake. Taa inayowaka juu ya meza yake inalipiwa na mwingine.

Mfano ulio wazi ni wa Marekani. Mwajiriwa hukatwa 7.65% kwa ajili ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee, na mwajiri hutoa kiasi hichohicho upande wake. Aliyejiajiri hulipa pande zote mbili, 15.3%. Ndiyo maana New York, ilipotaka dereva asiwe chini ya mwajiriwa wa dola 15 kwa saa, haikuandika 15. Iliandika dola 17.22, na baada ya kutoa gharama za gari. Tofauti ile ya dola mbili na ushee ni kodi ya upande wa pili na sehemu ya likizo. Ni mara yangu ya kwanza kuona mamlaka ikiandika kwa tarakimu kwamba dola ya aliyejiajiri ni ndogo kuliko dola ya mwajiriwa, na ni ndogo kwa kiasi gani.

## Shaka ninayobaki nayo

Sitaki mtu asome hadi hapa akadhani ninajutia njia hii. Mama alipougua, nilifunga kompyuta mchana nikaenda kukaa naye. Sikumwomba mtu ruhusa. Nilirudi kazini usiku, na usiku mwingine sikurudi. Ningewekaje jambo hilo kwenye daftari?

Wapo waliojaribu. Utafiti mmoja uliochapishwa 2019, uliotumia data za saa kwa saa za madereva wa Uber, ulikadiria kwamba uhuru wa kuchagua saa uliwapa madereva manufaa zaidi ya mara mbili ya ambayo wangeyapata kwa ratiba zisizobadilika. Sioni sababu ya kuubishia. Naujua uhuru huo mwilini mwangu.

Ninachokataa ni kuuona kama sehemu ya malipo. Ule usiku nisiorudi kazini nilikosa fedha. Uhuru wangu niliugharimia mwenyewe, kikamilifu, na mteja hakupungukiwa na chochote. Mtu akiniambia bei ni ndogo kwa sababu nina uhuru, ananilipisha mara mbili.

Na uhuru wenyewe una mipaka ambayo si rahisi kuiona. Utafiti wa madereva zaidi ya milioni moja nchini Marekani, ambao wote walilipwa kwa kanuni moja isiyojua jinsia, ulikuta wanaume wakipata takribani 7% zaidi ya wanawake kwa saa. Sababu zilikuwa tatu: uzoefu wa muda mrefu zaidi kwenye jukwaa, mahali na saa walizochagua, na mwendo wa kasi. Nimeifikiria sana hiyo ya mahali na saa. Kuchagua ni neema kama una la kuchagua. Mwanamke anayeogopa barabara fulani usiku, au mwenye mtoto wa kupokea kutoka shule, naye anachagua, na bei anailipa yeye.

Jambo jingine linalonitia shaka ni mimi mwenyewe. Mwaka 1997 wachumi walioangalia madereva wa teksi wa New York walisema wengi wao hujiwekea lengo la siku: wakilifikia, wanakwenda nyumbani, hata kama siku hiyo ni nzuri na wangepata zaidi. Watafiti waliokuja baadaye, wakiwa na data nyingi zaidi, walisema sivyo, madereva wengi huongeza saa siku yenye neema. Sijui niko kundi gani. Nina lengo la mwezi, hilo najua, na nikiona halijafikiwa nazichukua hata zile kazi ambazo daftari linanionyesha wazi kwamba hazilipi saa zake. Hofu ya kisanduku kitupu ina nguvu kuliko hesabu.

## Mpwa wangu aliuliza

Mpwa wangu amemaliza masomo na hajapata ajira. Juma lililopita alinijia, akaketi, akaniangalia nikifanya kazi, kisha akauliza lile swali.

"Shangazi, nikifanya kama wewe, nitapata ngapi?"

Ningeweza kumtajia mwezi wangu mzuri. Badala yake nilimpa daftari.

Alilisoma kurasa baada ya kurasa. Yeye ni mtu wa hesabu kuliko mimi. Akatoa simu, akaanza kugawa. Baada ya muda akaniuliza, "Hii kazi ya makongamano, si ndiyo unayoisifia kila siku?"

Nikamwambia ndiyo. Bei yake kwa dakika ni ya juu kuliko zote.

"Mbona kwa saa ndiyo ya chini?"

Akanionyesha. Rekodi za makongamano zina wasemaji wengi, majina mengi, marekebisho mengi, na mteja wake hulipa kwa kuchelewa, kwa hiyo kuna ukumbushaji mwingi. Video fupi za mafunzo, ambazo nilikuwa nazichukua kama za kujazia siku, zina bei ya chini kwa dakika, lakini msemaji ni mmoja, sauti ni safi, na malipo huingia yenyewe. Kwa saa, zilizidi makongamano, tena kwa umbali mkubwa.

Nimeifanya kazi hii kwa miaka na sikuliona hilo, kwa sababu hakuna sehemu yoyote ya kazi inayolionyesha. Jukwaa linaonyesha bei. Ankara inaonyesha jumla. Saa anazijua mwenye kuzitumia peke yake, na yeye amechoka.

Mpwa wangu ameamua kuanza kwa muda huku akiendelea kutuma maombi ya ajira. Amejifungulia daftari lake. Jambo la kwanza aliloliandika ni muda alioutumia kujaza wasifu kwenye jukwaa na kufanya jaribio la bure, kabla hajapata kazi hata moja. Nikamwambia asiufute. Huo ni mtaji wake wa kwanza, na utamsubiri kwenye kila bei atakayoitaja.

Huko Geneva, Juni 2025, mkutano wa kimataifa wa kazi uliamua kwamba kazi za majukwaa ziwekewe Mkataba wa kimataifa pamoja na Pendekezo, vikamilishwe katika mkutano wa 2026. Umoja wa Ulaya una maelekezo yake ya 2024, ambayo nchi wanachama zinatakiwa kuyaingiza kwenye sheria zao kufikia Desemba 2, 2026. Mojawapo ya mambo yake ni kuwapa watu haki ya kuelezwa jinsi mfumo unavyoamua juu yao, na ya kutaka binadamu aupitie upya uamuzi wa kuwafungia akaunti. Nazifuatilia habari hizi kwa hamu ambayo zamani nisingekuwa nayo. Ninachotafuta humo kila mara ni kifungu kimoja: saa inaanza lini, na inaisha lini.

Kwa wateja ninaopatana nao mwenyewe sikuweza kungoja Geneva. Nimewaandikia wote. Makongamano yamepanda bei. Marekebisho yana bei yake. Ankara iliyopita tarehe yake inaongezeka kidogo kila juma. Wawili hawajajibu, na mmoja amesema atatafuta mtu mwingine. Yule wa makongamano makubwa, niliyekuwa namwogopa kuliko wote, alijibu siku hiyohiyo kwamba atalipia marekebisho kuanzia ya pili, ya kwanza yabaki ndani ya bei. Nimekubali.